Fundi Mwenye Misumari Mdomoni

Aibu hii niliificha tangu majani yaanze kudondoka hadi theluji ikayeyuka, na ningeendelea kuificha, ila Mama Furaha wa ghorofa ya nne kashaanza kuisimulia anavyotaka yeye, kwamba nilikutwa makumbushoni nimempakata mwanamume. Kumpakata nilimpakata, hilo sikatai. Lakini hakuwa mwanamume, na mwanzo wake haukuwa huo, kwa hiyo bora niieleze mwenyewe, na mkimaliza kucheka mnirudishie heshima yangu maana bado naihitaji.

Mimi nakaa hapa Tensta kwa binti yangu Zuhura, anafanya kazi nyumba ya wazee, na nililetwa huku kumlea mtoto wake, Salma, ambaye sasa ana miaka tisa. Shikamoo aliijua kabla hajajua kuomba maji, nilimfundisha mimi. Basi akahamishiwa shule ya Spånga, na huko shikamoo ikafa. Asubuhi ananipita sebuleni, "hei mormor" (mormor ndiyo bibi mzaa mama kwa Kiswidi), halafu huyoo, kama mtu anayempita jirani kwenye lifti. Iliniuma. Kwenye mikusanyiko yetu ya Waswahili wa huku nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba mjukuu wangu ananiamkia kila siku kwa mikono miwili. Nilidanganya, mnisamehe, Wakenya walikuwa wanawasifia wajukuu zao na mimi sikutaka kukaa kimya.

Siku hiyo darasa la Salma lilikuwa linakwenda makumbusho mjini, na shule ikaomba mtu mzima mmoja wa kusaidia. Zuhura alikuwa zamu. Nikasema nakwenda mimi. Salma akavaa koti kimyakimya, tulipofika mlangoni akaniambia, kwa Kiswidi kama kawaida yake:

"Mormor, leo usiongee na watu."

"Watu gani?"

"Wote."

Nikamwahidi. Moyoni nikasema leo atajua kwamba bibi yake anaweza kukaa kimya kama wao, na sitamtia aibu hata ya punje moja. Hiyo ndiyo ahadi niliyotoka nayo nyumbani, mkumbuke.

Sasa lile jambo dogo lililoharibu yote ni viatu. Zuhura alisema nivae raba. Raba ni za watu wanaokimbia na mimi simkimbii mtu, nikavaa viatu vyangu vyeusi vya ngozi, vya kisigino, nilivyonunua mtumba Vällingby, na kanga yangu juu ya gauni, na lile koti refu la sufu. Mwalimu akanipa kizibao cha njano kinachong'aa kama cha watoto, ili tusipotee. Nikakivaa mpaka kwenye treni, kisha nikakivua nikakitia mkobani, maana kilikuwa kinafunika kanga.

Makumbusho yenyewe yako chini ya ardhi. Unashuka ngazi, unakuta wamejenga mtaa mzima wa mji mdogo, kama ulivyokuwa zamani, miaka mia na zaidi iliyopita, wakati Waswidi wenyewe walikuwa maskini (mwalimu alisema, si mimi). Kuna duka la vyakula lenye sukari iliyogandishwa mfano wa pia, kuna kinyozi, kuna posta yenye kidirisha. Mwenye duka na kinyozi walikuwa nyuma ya kioo, masanamu ya nta, hata mtoto angejua. Lakini kwenye duka la mikate alikuwepo mama mzima mwenye aproni na kilemba cha kizamani, anapumua, anagawa mikate ya mdalasini kwa watoto. Mnaona walivyochanganya. Waliokufa na walio hai, wote mtaa mmoja, na taa ni hafifu, na kila ukisogea taa ya mbele inawaka yenyewe na ya nyuma inazima.

Watoto walipokaa kula, kiatu changu cha kulia kikafunguka soli. Kikafunguka chote mbele, kila nikipiga hatua kinafanya pa, pa, na watoto wawili wakageuka, na Salma akaangalia mkate wake. Nikaona hapana. Nikainuka taratibu nikajitenga, nikaingia kichochoro cha pembeni, na huko nikasikia nyundo. Ko, ko, ko, kimya. Ko, ko, ko. Sauti ile naijua kuliko sauti ya jina langu, kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa fundi viatu Korogwe miaka thelathini.

Taa ikawaka, nikamwona. Mzee, kainama juu ya kiatu, nyundo mkononi, na mdomoni misumari midogo imepangwa kama meno ya samaki. Mbele yake kulikuwa na kamba nene imefungwa, nikadhani ya kuzuia watoto. Nikatafuta kile kimashine cha kutoa namba za foleni, hakuna, nikaruka kamba.

Nikamsalimia kwa Kiswidi. Hakujibu. Na hapa ndipo mtakaponicheka, lakini hebu fikirini. Mswidi kutojibu salamu ni jambo jipya? Na zaidi ya hapo, fundi mwenye misumari mdomoni hajibu mtu. Mume wangu hakuwa anajibu hata hodi ya shehe. Aliwahi kuniambia, "Mwanaidi, nikiwa na misumari mdomoni usinichekeshe, utanizika." Unachofanya ni kuvua kiatu, kukiweka mapajani pake soli ikiangalia juu aone ugonjwa, na kukaa kwenye kiti cha mteja bila kumharakisha. Nikafanya hivyo hivyo. Nikakiweka, nikakaa, mguu mmoja una soksi tu.

Nikaongea. Nilikuwa nimeahidi kutoongea, lakini hapakuwa na mtu wa kunisikia na lugha nilitumia yangu. Nikamweleza habari ya soli, nikamweleza Korogwe, nikamweleza hata ya Salma na shikamoo yake. Alinisikiliza vizuri sana. Kwa mara ya kwanza nchi hii mtu amenisikiliza bila kutazama saa.

Halafu taa ikazima.

Nikangoja iwake. Nikapunga mkono, haikuwaka. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba jicho la ile taa limeelekezwa njiani, wanakopita wageni, huku ndani kwa masanamu halitazami. Nyundo bado ilikuwa inagonga, ko, ko, ko, gizani, na hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu sauti ilikuwa inatoka juu, darini, na yeye alikuwa mbele ya magoti yangu. Nikanyoosha mkono polepole nikamgusa wake. Ulikuwa baridi. Si baridi ya mtu aliyetoka nje, tunaijua hiyo wote. Ulikuwa baridi ya mshumaa, na kidole kilikuwa laini kabisa, hakina alama, na fundi viatu asiye na alama kidoleni hayupo duniani.

Nikataka kuinuka. Mguu ule wa soksi ulikuwa umekufa ganzi, haukuwa wangu. Nikaubonyeza pajani, sikusikia kitu, na giza lile na nyundo ile vikanitia wazo baya, kwamba pengine ndivyo hata yeye alivyoanza, alikuja siku moja akakaa.

Mara taa ikawaka. Wazee wawili wa Kiswidi, mume na mke, wamesimama kwenye kamba.

Hapo ningesema kitu. Neno moja tu. Lakini jioneeni: nimevuka kamba, mguu mmoja hauna kiatu, kiatu kiko mapajani mwa sanamu niliyokuwa naisimulia habari za ukoo wetu. Na nimeahidi kutoongea na watu. Nikajisemea wacha wapite kwanza. Nikakaza macho ukutani nikazuia pumzi.

"Tazama, wamemwekea na mteja," mke akasema.

"Kutoka wapi huyo? Wakati ule walikuwepo?"

"Labda ni wa misheni."

Yule mzee akainama mpaka nikasikia harufu ya kahawa yake. Akanitazama usoni, mashavuni, machoni, akanitazama muda mrefu. "Ngozi wameitengeneza vizuri," akasema. "Ila macho wameyakosea. Hayana uhai."

Mke akapiga picha, wakaondoka, taa ikazima tena. Nikabaki na neno hilo. Nimepanda treni ya nchi hii miaka minane, watu wananipita kama mkoba uliosahauliwa kwenye kiti, nikazoea, nikasema ndiyo desturi yao. Lakini kuangaliwa hivyo, kwa karibu, kwa makini, na bado asionekane mtu ndani? Nikajigusa shavu. Lilikuwa baridi. Nyundo ikagonga.

Nikasikia vishindo vya watoto, na taa ikawaka, na vizibao vya njano vikajaa mbele ya kamba. Sita au saba, mwalimu wao kabaki nyuma na aliyepoteza glavu. Salma alikuwa wa mwisho. Sikuthubutu kumtazama, nilimwona kwa pembe ya jicho tu.

"Mbona huyu mama yuko hapa?" akauliza msichana mmoja mwenye nywele kama majani makavu. "Salma, anafanana na mormor wako."

Wakacheka. Mwingine akasema ana kanga ileile. Mwingine akasema mguu wake una soksi yenye tundu (si kweli, ilikuwa imechakaa tu). Nami nikakaza pumzi nikasema moyoni, Mwanaidi, ukipepesa jicho sasa mtoto huyu hatakuwa na shule ya kurudi kesho.

"Siye," Salma akasema. "Mormor wangu hawezi kukaa kimya."

Iliniingia hiyo. Lakini nikakaa. Nilikuwa nimeamua nitakaa mpaka watoke, mpaka jengo lifungwe ikibidi.

Hawakutoka. Salma akasogea kwenye kamba. Akanitazama kama alivyonitazama yule mzee, usoni, machoni, na nikaona kidevu chake kinatetemeka. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, mbele ya wenzake wote:

"Shikamoo, bibi."

Sasa niambieni, ninyi mliozaa na kulea. Mwaka na nusu nimeisubiri. Nikinyamaza, aibu inapita, mtoto anarudi nyumbani salama na heshima yake. Lakini shikamoo ya mtoto haiachwi chini. Hata mgonjwa mahututi huinua kidole. Mimi sikuamua kitu, mdomo ulijifungua wenyewe, na kwa kuwa nilikuwa nimebana pumzi muda mrefu sauti ikatoka nzito, ya kukwaruza, kama inatoka kisimani:

"Marahaba, mwanangu."

Mayowe ya watoto wale sitayasahau. Yule wa nywele za majani makavu alirudi nyuma akaigonga rafu, na rafu ile ilikuwa imejaa miguu ya mbao, ile ambayo mafundi wanavalishia viatu, ikamwagika yote kwa kishindo, na mimi katika kuinuka mguu wa ganzi ukanikataa, nikamshika fundi, fundi akang'oka kwenye kigoda chake, tukarudi wote wawili kitini, kichwa chake mapajani mwangu, misumari ikielekea tumboni. King'ora kikaanza kulia. Mlinzi akaja mbio, mwalimu nyuma yake, mwenye glavu nyuma ya mwalimu. Na yule mama wa mikate, naye akaja kutazama.

Mlinzi akanitazama, akatazama sanamu, akatazama watoto waliobanana ukutani. Hakuniuliza mimi. Akauliza hewa: "Huyu mama yuko na nani?"

Mwalimu alikuwa bado anafungua mdomo. Salma hakuwa amekimbia. Peke yake alikuwa amesimama palepale kwenye kamba, uso umemwiva.

"Yuko na mimi," akasema. "Ni bibi yangu." Akapita chini ya kamba, akakitoa kiatu changu chini ya fundi, akapiga magoti akanivalisha.

Kwenye treni ya kurudi Spånga wenzake walikuwa wanacheka mpaka wanalia, mmoja akaja kuniomba niseme tena kwa ile sauti, nikakataa. Salma alikaa ubavuni mwangu amenishika kanga. Nikamuuliza polepole, ulijua ni mimi? Akaitikia kwa kichwa.

"Nilijua ni wewe," akasema, "lakini nilidhani umekufa. Ndiyo nikasema shikamoo. Nilijua ukiwa hai huwezi kuiacha."

Nikamfunika na upande wa koti langu.

Viatu vile nilivitupa. Siku hizi navaa raba na kizibao nikiambiwa, na kiti nisichokaribishwa sikikalii, hata kiwe cha hospitali. Lakini kuna nyumba fulani katika mji huu, sijui ya wapi, wazee wawili wana picha yangu kwenye simu, wanawaonyesha wageni, na wote wanaamini nimetengenezwa. Nikiikumbuka usiku navuta shuka.

Na Salma ameirudisha shikamoo. Kila asubuhi anasimama mlangoni kwangu kabla sijawasha taa, anaisema, halafu anatulia pale gizani anasikiliza. Naitikia kabla hajaimaliza.