Vieno, Msomaji wa Kutu

Mjini kwetu, huku kaskazini mwa Minnesota kwenye migodi ya chuma, watu husifiwa kwa mambo makubwa. Fulani aliendesha koleo la mashine miaka thelathini, fulani aliua dubu kwa risasi moja. Vieno Tuominen hakuua dubu. Alikuwa akiingia kwenye chumba cha chini cha nyumba yako, anaweka kiganja kwenye bomba la moshi, ananyamaza. Mimi nimechimba mgodini maisha yangu yote na nimeona mlima ukihamishwa, wala sikushtuka. Mbele ya kiganja kile nilishtuka, na mpaka leo sijapoa.

Alikuwa binti wa fundi bati. Mgongo wa baba yake ulipokufa ganzi, Vieno aliacha kazi ya kupika shuleni, akachukua mkasi wa bati wa mzee na kuanza kuzunguka nyumba za watu akitengeneza matanuri ya gesi yanayopasha nyumba joto. Miaka ya kwanza wanaume walimfungulia mlango, kisha wakachungulia nyuma yake kumtafuta fundi. Nilikuwa mmoja wao, sina haja ya kujificha. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na hakunywa kahawa kwa mtu mpaka kazi iishe. Kwetu sisi huko ni kumtukana mwenye nyumba, lakini kwake tulizoea.

Niliyoyaona kwake kwa macho yangu yalitokea Januari ya mwaka themanini na nane. Mke wangu, Rauha, alikuwa anaumwa kichwa kila Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ya kufua, kuoka na kuoga mvuke. Mimi nashinda nje nikipasua kuni na kuchochea moto wa kibanda cha sauna, yeye anashinda chini na nguo. Ikifika saa kumi alasiri anashika kipaji cha uso, anakaa kwenye ngazi, na mara nyingine anatapika. Daktari alisema presha. Dada yake alisema umri. Mimi nilimshauri apunguze kuoka, na nikajiona nimesema la maana.

Jumamosi ya pili ya mwezi ule alizimia. Nilimkuta amelala juu ya shuka mbichi, uso umemwiva, nikamburuta mpaka barazani akazindukia kwenye baridi. Hofu ikaniingia kwamba nitamzika Rauha kabla theluji haijayeyuka. Jumatatu yake tanuri likaanza kuguna, nikampigia simu Vieno. Mambo hayo mawili sikuyaunganisha hata kidogo.

Siku hiyo nje ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Vieno aliteremka, akaweka kiganja kwenye bomba. Akamulika kurunzi juu ya tangi la maji moto, nalo la gesi, ambalo moshi wake unatokea kwenye dohani moja na wa tanuri. Juu ya tangi kutu ilikuwa imesambaa kama chai iliyomwagika. Kwenye maungio ya bomba kulikuwa na unga mweupe. Akabonyeza hapo kwa kidole, na kidole kikapenya bati kama kinapenya mkate.

"Nani anaumwa kichwa humu ndani?" aliuliza bila kunitazama.

Sikuwa nimemwambia neno. Nywele zilinisimama.

"Mke wangu. Nani kakwambia?"

"Bati limeniambia. Siku gani?"

"Jumamosi."

"Siku ya kufua," alisema, kisha akafunga gesi ya tanuri na kuning'iniza pale kikaratasi chekundu, kumaanisha lisiwashwe na mtu.

Hapo nikapandwa na hasira. "Vieno, una akili timamu kweli? Nje mate yanaganda kabla hayajafika chini. Unataka tufe kwa baridi?"

"Baridi unaisikia, mzee Urho. Hii nyingine huisikii."

"Baba yako asingetufanyia hivi."

"Baba yangu alizima tanuri la mchungaji siku ya Krismasi. Kamuulize mchungaji kama bado yuko hai."

Rauha alikuwa amekaa juu ya ngazi, shali mabegani. "Urho, mwache mtu afanye kazi yake," alisema. "Ukitaka joto kawashe sauna, ukakae huko na kelele zako."

Vieno hakubishana tena. Aliwasha tangi la maji tu, akamwomba Rauha awashe feni ya jikoni, na mwenyewe akawasha mashine ya kukaushia nguo, kama ilivyo Jumamosi. Akanipa kiberiti. Nikawasha njiti, nikaizima, nikaisogeza kwenye mdomo wa bomba juu ya tangi, mahali ambapo moshi unatakiwa uvutwe juu. Ule moshi mwembamba ulisimama kidogo. Kisha ukapinda, ukanijia usoni, na nyuma yake ikaja pumzi ya moto yenye unyevu. Dohani yangu ilikuwa inapumua kinyume, ndani ya nyumba yangu, na mimi nimekaa humo miaka kumi na tisa nikijua kila msumari.

"Moto unataka hewa," Vieno alisema akizima kila kitu. "Nyumba hii haina, feni na mashine zinaitoa yote nje. Kwa hiyo inavuta nyingine kupitia dohani, na sumu inashuka nayo. Haina harufu, huanza na kuumwa kichwa. Na moshi wa gesi una maji ndani yake, ukipoa kwenye bomba yanatoka, yanakula bati. Na hiyo chupa ya dawa ya kung'arishia nguo uliyoiweka hapo, mvuke wake ukipita kwenye moto unageuka tindikali. Sasa niambie, hewa ya nje inaingilia wapi?"

Niliitazama rafu ya ukutani. Nyuma ya rafu palikuwa na bomba la kuingiza hewa, lililowekwa na wajenzi kwa kazi hiyo hiyo. Lilikuwa linanipuliza baridi miguuni, na tangu Oktoba nilikuwa nimeliziba kwa koti langu la mgodini. Sikuwa peke yangu. Wengi tulifanya hivyo, na tulisimuliana kwenye kahawa kama ujanja mkubwa. Nikaingiza mkono, nikalivuta lile koti mbele yao wote wawili. Lilitoka limekakamaa kwa barafu.

"Ni mimi," nikamwambia Rauha.

Aliliangalia koti, akaniangalia mimi. "Nilijua unapenda joto," alisema taratibu. "Sikujua unalipenda kuliko unavyonipenda mimi."

Nililia. Vieno alikwenda garini kwake, akakawia makusudi, akarudi na vipasha joto viwili vya umeme.

Alifanya kazi mpaka alasiri. Aliweka bomba jipya, likipanda moja kwa moja hadi kwenye dohani bila kulegea katikati, skrubu tatu kila ungio. Chupa ya dawa akaipeleka stoo ya nje. Kisha akafanya jambo ambalo nitalisimulia mpaka nife. Alirefusha lile bomba la hewa mpaka sakafuni, akauingiza mdomo wake ndani ya ndoo.

"Hewa baridi ni nzito," alisema. "Itatulia humo mpaka moto uihitaji. Miguu yako haitaisikia."

Nikatia mkono ndani ya ndoo, vidole vikauma kwa baridi. Nikauinua juu ya ukingo, hakuna kitu. Nimezaliwa kwenye theluji, na sikuwahi kujua kwamba baridi inaweza kukaa ndani ya ndoo kama maji. Nilipiga magoti pale nikiutia mkono na kuutoa mara kadhaa, mpaka Rauha akaniambia niinuke. Tukarudia ile njiti ya kiberiti, na safari hii moshi ukanyooka ukaingia bombani. Ndipo Vieno akakaa, akanywa vikombe vitatu vya kahawa na kula mkate mtamu wa iliki karibu nusu.

Jumamosi iliyofuata Rauha alifua kama kawaida. Mimi nilikataa kwenda kwenye kuni, nikamfuata chini na juu.

"Usinikodolee macho," alisema. "Sijafa bado."

Saa kumi ikafika. Saa kumi na nusu ikafika. Rauha alikuwa anakunja shuka, akinigombeza juu ya viatu vyangu vilivyotapakaza theluji jikoni. Nikaenda kwenye simu, nikampigia Vieno.

"Tanuri limezima?" aliuliza.

"Hapana."

"Bomba linavuja?"

"Hapana. Rauha hajaumwa kichwa."

Nilisikia akivuta kiti na kukaa.

"Miaka ishirini na miwili, mzee Urho," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua. "Watu hunipigia wakisikia baridi. Hakuna aliyewahi kunipigia kuniambia kwamba hakuna kilichotokea."

"Subiri," nikamwambia. Nikamwita Rauha, nikampa simu, ili Vieno amsikie.