Kanga Niliyompungia Baba

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya kuku wa kukaanga hunichafua roho mpaka leo. Ndiyo harufu ya kituo cha mafuta katikati ya Dallas na Houston, nilikokabidhiwa kila baada ya wiki mbili kama mzigo. Mama, aliyekuwa nesi, alinileta kutoka Irving. Baba alinifuata kutoka Houston. Walikuwa wameachana na walichukiana hasa. Nawaambieni ukweli, nikiwa na miaka tisa, niliwachukia wote wawili.

Wiki moja mwalimu alitusimulia habari za Manannán, mungu wa bahari wa Waayalandi. Mkewe alipendana na mtu mwingine, basi Manannán akalikung'uta joho lake kati ya wapenzi hao, kila mmoja akamsahau mwenzake na wasionane tena. Mambo ya mapenzi sikuyasikiliza. Nilishika lile la kusahau tu. Wazazi wangu wakikung'utiwa joho, nikawaza, watasahau ugomvi na tutarudi nyumba moja. Joho sikuwa nalo, ila garini kulikuwa na kanga kuukuu ya kufutia vioo. Njiani nilimweleza Mama hadithi yote na mpango wangu. Aliitika "mh" tu, macho barabarani.

Kituoni, walianza kugombana kabla sijashuka vizuri.

"Umechelewa tena," Mama alisema. "Nina shift leo, na unajua."

"Foleni, Mama Neema. Au hiyo foleni nayo nimeitengeneza mimi?"

Sauti ya Baba ndiyo iliyokuwa juu, kwa hiyo nilijipenyeza katikati nikamwelekea yeye, nikaikung'uta kanga kwa nguvu zangu zote, mara tatu.  Baba alinitazama, akaingia garini mwake, akaondoka bila mimi. Mama akacheka.

Hakuja tena. Simu zake zikapungua, zikaisha. Miaka mingi nilimlaani yule mungu na joho lake, nikiamini limemsahaulisha mimi badala ya ugomvi.

Mwaka jana nilimpigia Baba, nikamuuliza kwa hasira kwa nini alinitupa.

"Nilikuja kukuchukua, mwanangu," alisema taratibu. "Ukanipungia kanga kama mtu anayefukuza kuku. Nikasema basi, mtoto ameshachagua."

Nilipokata simu, aliyenijia akilini hakuwa Manannán. Ilikuwa ile "mh" ya garini. Mama alijua nilichokuwa nafanya. Angemwambia Baba sentensi moja tu, asingeondoka.