Niliishia darasa la sita, nalipia gazeti la biashara kwenye e-reader, na siachi

Wakuu, habari za mishemishe.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Mpanda. Anayebisha aje Kawajense, aulizie duka la Bakari, ataoneshwa hadi benchi ninalokalia.

Kwanza mnijue. Shule niliishia darasa la sita. Sikufukuzwa, niliondoka tu. Tangu hapo sijawahi kukaa sehemu moja hadi watu wakanizoea. Nimeanika dagaa Kapalamsenga, nimeshuka mashimo ya dhahabu, nimebeba mizinga ya nyuki porini, nimefyatua tofali.

Kitu kimoja sijakiacha: kusoma. Nasoma karatasi iliyofungia maandazi. Nasoma maelezo ya dawa ya ng'ombe, na ng'ombe sina.

Sasa nikiwa Kapalamsenga, jamaa mmoja alikuwa anauza tablet mbovu. Alisema kioo kimeganda, kinaonesha picha moja tu hata ukizima.

Nikaishika, nikaigeuza. Haikuwa tablet. Ilikuwa e-reader, kidude cha kusomea vitabu, na ile picha ndiyo huwa inabaki kikiwa kimelala. Kilikuwa kizima kabisa.

Nikampa ndoo ya dagaa wakavu. Akaondoka anacheka, mimi nikaondoka nacheka zaidi. Wale wa "ulimdhulumu mwenzio", nawasubiri kwenye comments.

Kidude hiki hakina video. Hakichomi macho. Juani ndo kinasomeka vizuri zaidi, na chaji inakaa wiki kadhaa. Kwa mtu ambaye leo yuko mjini kesho yuko porini, hakuna rafiki kama huyu.

Vitabu vya bure vilipoisha, nikataka kitu kipya kila siku. Nikalipia gazeti la biashara, lile la Kiingereza, toleo la maandishi matupu. Asubuhi linaingia kwenye email, Bakari ananiwashia hotspot, kidude kinalivuta, naondoka nalo.

Kwa nini la biashara? Kwa sababu udaku naupata bure. Lakini tangu nizaliwe naambiwa "bei imepanda" kama vile mtu anavyosema mvua imenyesha. Nilitaka kumjua anayeipandisha.

Kiingereza changu mnaweza kukikadiria. Ila kidude kina kamusi ndani. Unagusa neno, maana inakuja. Ile maana nayo ina maneno matatu usiyoyajua, unayagusa nayo. Habari ya kwanza ilinichukua asubuhi nzima.

Ilikuwa inahusu bima. Sina bima. Nikaimaliza.

Bakari alinipa jina siku hiyo hiyo. "Mwekezaji huyo kaja! Leo dola inasemaje, mheshimiwa?"

Akaongeza mbele ya wateja: "Hela ya gazeti si ungenunua kandambili za maana?"

"Kandambili hata wewe unazo," nikamjibu, "na hujui kwa nini bei ya sukari yako imepanda."

Wateja wakacheka. Bakari naye akacheka, ila hotspot ya siku iliyofuata aliichelewesha makusudi.

Tuje kwenye jambo lenyewe.

Msimu huu nilikuwa naishi Misunkumilo kwa mama mmoja mjane, Mayu Kabula. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Familia yake ilishuka huku na ng'ombe kutoka kaskazini zamani, ng'ombe wakaisha, sasa analima ufuta. Alinipa chumba, mimi namsaidia shamba.

Mayu alikuwa na jambo moja tu kichwani: maksai wawili wa kulimia. Misimu miwili alikuwa analimiwa na maksai wa watu, na maksai wa watu huja kwako wakishamaliza kwa mwenyewe, mvua imeshapita. Ule ufuta uliojaa chumba cha mbele haukuwa ufuta. Ulikuwa ni wale maksai.

Sasa mnajua tulivyo. Asubuhi kurasa za mbele za magazeti zinapigwa picha, zinarushwa kwenye magrupu, tunasoma vichwa vya habari, siku imeanza. Ukurasa wa mbele ni bure. Wa ndani unalipiwa, kwa hiyo hakuna anayefika.

Siku moja ukurasa wa mbele wa gazeti langu ulikuwa na kichwa kikubwa chekundu: bei ya ufuta imeporomoka.

Haikufika saa nne, dalali anaitwa Jofrey alikuwa uani kwetu na pikipiki, mizani ya kuning'iniza, na ile picha kwenye simu. Ufuta huku unauzwa kwa mnada, ghalani, kupitia chama cha msingi. Jofrey yeye anapita majumbani kabla ya mnada, kwa bei yake. Hairuhusiwi, na kila mtu anamjua.

"Mama, soma mwenyewe," akasema.

"Mimi sijui kusoma, baba. Nisomee."

"Bei imeporomoka. Gazeti la Dar hili, sio maneno ya kijiweni. Ukisubiri mnada utauza ufuta kwa bei ya pumba. Mimi nakuonea huruma tu. Leo nabeba wote, kesho sipiti."

Mayu akayaangalia magunia. Majirani wawili walikuwa wameshauza asubuhi hiyo hiyo.

Wakuu, gazeti lile nilikuwa nimelisoma, na sikuwa nimeshtuka. Mnajua kwa nini? Kwenye e-reader hakuna ukurasa wa mbele. Habari zote zinakuja kwenye orodha, herufi saizi moja, hakuna nyekundu. Ya ufuta ilikuwa katikati huko. Niliisoma kama nilivyosoma ya bandari, yote, hadi nukta. Sikujua hata kama ndiyo inayotisha mji.

Nikaingia ndani, nikatoka na kidude.

"Jofrey, hiyo habari umeisoma yote?"

"Kichwa kinatosha. Kichwa ndo habari."

"Mimi ninayo yote hapa."

Akacheka hadi akaegemea pikipiki. "Hicho kikalkuleta? Dogo, uliishia la sita, mji mzima unajua. Leo ututafsirie Kiingereza cha wachumi?"

"Basi soma wewe." Nikampa.

Alikipokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto aliyejikojolea. Akakisogeza mbali, akakisogeza karibu. Mwisho akasema miwani kaiacha nyumbani.

Wakuu, Jofrey namjua tangu nifike Mpanda. Hana miwani.

Nikasoma mimi. Polepole. Neno nililokwama nililigusa pale pale mbele yake, wala sikuona aibu. Habari ilisema bei iliyoporomoka ni ya ufuta wa minada ya kwanza, mikoa mingine, uliopelekwa ukiwa na mchanga na unyevu. Aya ya mwisho kabisa ikasema ufuta mkavu na safi ulikuwa bado unagombaniwa.

Mayu aliuliza swali moja tu. "Hilo gazeti limesema wa kwangu ni mchafu?"

"Halijauona, Mayu."

Akachota konzi kwenye gunia la karibu, akaimimina kiganja hiki kwenda kile, akapuliza. Akaangalia kilichobaki.

"Una mchanga," akasema. Kisha akamgeukia Jofrey. "Nenda salama, baba. Nina kazi."

"Mama, utanitafuta."

"Nikikutafuta nitakupata. Wewe si uko barabarani kila siku?"

Pikipiki ilipoondoka akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu, kama umenidanganya, jembe utalivuta wewe badala ya maksai."

Hapo ndo nikaogopa. Kumjibu Jofrey ilikuwa rahisi. Lakini gazeti limeandikwa Dar na watu ambao Misunkumilo hawajawahi kuisikia, na mimi nimelisimamisha mbele ya mlango wa mama wa watu.

Tulipepeta siku nne. Ungo, turubai, vumbi hadi kwenye meno. Bakari alipita na baiskeli akapiga kelele: "Mwekezaji anapepeta!" Wakati wa kupumzika nilikuwa natafuta ufuta kwenye gazeti. Wakaandika mabenki, wakaandika minara ya simu. Katavi yetu hawakuitaja hata mara moja.

Mnada ukafika. Mzigo wa Mayu ukapimwa, ukachunguzwa, ukapita bila kukatwa kitu. Bei haikuwa ya maajabu. Ila ilikuwa juu ya ile ya Jofrey kiasi kwamba Mayu alimuuliza karani mara mbili kama hajakosea.

Maksai wawili? Hapana. Niliahidi ukweli. Alipata mmoja, akaungana na jirani mwenye mmoja, wanalima kwa zamu. Lakini mvua ya kwanza mwaka huu ilimkuta ameshaanza kulima, na zamu ya kwanza ilikuwa yake.

Huyo maksai amempa jina Gazeti. Ukipita Misunkumilo asubuhi utasikia: "Gazeti, geuka! Gazeti, acha uvivu!"

Juzi Jofrey alinikuta kwa Bakari. Akakaa karibu, akashusha sauti. "Eti leo limesemaje kuhusu karanga?"

"Kwani hujaona kichwa?"

"Acha utani bwana. Ndani limesemaje?"

"Lipia, usome."

Bakari alicheka hadi akamwaga mchele wa mteja.

Nilichojifunza ni hiki. Sikumzidi Jofrey elimu, na kwa kukosa pesa hanikaribii mtu. Nilimzidi kufika aya ya mwisho, basi. Kuna watu wanakula kwa sababu sisi tunaishia kwenye kichwa cha habari, na hawahitaji hata kutudanganya. Wanatuonesha picha tu.

Nyie mnaosema gazeti la biashara ni la watu wa maofisini, endeleeni kusema. Kandambili zangu ni zile zile, zimetobolewa na misumari, na mwezi ujao nalipia tena. Nikichoka Mpanda nitahama nalo.

Uwanja ni wenu, pingeni mnavyotaka. Ila kama umesoma kichwa cha uzi ukaruka hadi huku chini, rudi juu kwanza.