Mstari wa Saa Saba

Wifi yangu anapiga pasi mashati mia nne kwa siku, halafu Jumapili anavaa gauni lililokunjamana kama limetolewa mdomoni mwa ng'ombe. Nikimwambia, "Wifi, mpiga pasi gani wewe," ananitazama. Unaona kabisa jibu linakuja, linafika nusu njia, linachoka, linarudi. Siyo kwamba ni mpole, msinielewe vibaya. Amechoka tu.

Kiwandani wanamwita Mvuke. Anasimama nyuma ya pasi kubwa ya mvuke kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na lile joto linamfanya anywe maji kama gari bovu. Mimi niko meza za mbele, natia mashati kwenye mifuko ya plastiki. Huu ni mwezi wangu wa pili, kwa hiyo bado nina nguvu za kulalamika. Yeye ana miaka sita pale na malalamiko yamemwishia.

Sasa maji yote hayo lazima yatoke, na hapo ndipo penye kazi. Kila safu ya wafanyakazi ina kibao kimoja cha mbao chenye kamba. Unataka choo, unakivaa shingoni, unakwenda. Huna kibao, huendi. Watu thelathini na wawili, kibao kimoja, na msimamizi wetu, tunayemwita Dakika, anasimama karibu na mlango anaangalia saa ya simu. Ukizidisha dakika nne anakuuliza mbele za watu kama ulikuwa unazaa huko ndani. Anadhani ni utani. Amemuuliza wifi utani huo miaka sita, na wifi ana miaka mitano ya ndoa na hana mtoto.

Mumewe ni kaka yangu, fundi rangi. Tunaishi wote, yeye na mkewe, mimi na Mama, kwenye vyumba viwili vya kupanga. Choo kiko uani na tunakichangia familia nne. Asubuhi kuna foleni pale kama watu wanagawiwa viwanja, na Mama anakaa kibarazani na chai yake akisoma uso wa kila anayetoka. Ukiingia na kitu mfukoni, Mama anajua. Ukichelewa kutoka, Mama anajua zaidi.

Ndiyo maana wifi alikuwa anapima mimba kazini.

Kipimo alikuwa ananunua duka la dawa lililo karibu na geti la kiwanda. Pale wanafungua boksi wanakuuzia kipakiti kimoja kimoja, kama sigara, na karatasi ya maelezo inabaki kwenye boksi. Alichojua wifi ni kile alichoambiwa na wenzake wa pasi: mstari mmoja hakuna, miwili ipo. Basi. Mapumziko ya saa nne anavaa kibao, anakojoa kwenye kifuniko cha chupa, anachovya kile kijikaratasi, anakilaza dirishani nyuma ya kopo la sabuni, anarudi mbio kabla Dakika hajaanza. Saa saba, mapumziko ya chakula, anarudi kusoma.

Mwaka jana mwezi wa tatu alichelewa siku zake, akapima, na saa saba akakuta mistari miwili. Wa juu umekolea, wa chini hafifu kama kivuli cha unywele. Akapiga picha mle mle chooni, akamtumia kaka. Kaka alikuwa juu ya ngazi na brashi mkononi. Akamrudishia vikatuni vya watoto kumi na nne, nimevihesabu. Jioni akamwambia Mama. Mama akawaambia watu wa uani. Siku ya tisa, damu ikaja wifi akiwa amesimama kwenye pasi. Akamaliza zamu.

Mwezi wa nane ikawa hivyo hivyo. Mwezi wa kumi na mbili tena. Mistari miwili, wiki moja na kitu, damu.

Mama hakumtukana hata siku moja, na nadhani ingekuwa afadhali. Alikuwa anampa kiti, anamchemshia maji ya kuoga, halafu anawaambia wageni kwa sauti ya huruma, wifi akiwa hapo hapo anasikia: "Mwanangu kafanya kazi yake mara tatu. Mimba inaingia vizuri. Tumbo ndilo halikai nayo." Kliniki waliwaambia waende wote wawili wapimwe. Kaka akasema yeye apimwe nini, na ushahidi anao mara tatu kwenye simu. Kwa hiyo akawa anakwenda wifi peke yake, anachomwa sindano, anachukuliwa damu, anaambiwa haonekani na tatizo, anarudi. Mama anasema watafute vizuri.

Mwezi uliopita nikamkuta chooni saa saba. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Amesimama na kijikaratasi mkononi, kibao kinaning'inia shingoni, anakitazama kama barua ya kufukuzwa kazi.

"Ya ngapi hiyo?" nikamuuliza.

"Ya nne." Hakunificha. Kuficha nako kunataka nguvu. "Nimechelewa siku nane. Imekuja tena. Itatoka tena."

Nikaichukua. Mstari wa chini ulikuwepo, kweli. Lakini ulikuwa wa kijivu, kama alama ya penseli iliyofutwa, na mwenzake wa juu alikuwa mwekundu.

"Wifi, hii ulichovya saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na hiyo saa nne ilikuwa na mistari mingapi?"

"Ningeangalia saa ngapi, na Dakika yuko mlangoni?"

"Wewe. Hiki kitu kina muda."

"Kina muda, umeandikwa nyuma. Hakijaisha."

"Siyo muda huo. Muda wa kusoma." Nilijuaje? Hilo tuliache, Mama anaweza kuyasoma haya.

Akanitazama. Nikaona jibu likija, na safari hii lilifika. "Wifi," akasema polepole, "usinichezee. Kwa hili usinichezee."

Jioni nikapita duka lingine, nikanunua boksi zima ili nipate ile karatasi. Dada muuzaji akanisomea, maana maandishi yake ni ya kusomwa na sisimizi. Dakika tano unasoma. Zikipita kumi, unatupa, hata kiwe kimeota maua. Mkojo ukikauka unaweza kuacha alama ya kijivu isiyo na rangi, na hiyo siyo mimba. Mstari wa mimba unakuja ndani ya muda na una rangi kama mwenzake, hata ukiwa hafifu. Mstari wa juu usipotokea kabisa, kipimo kimekufa, chukua kingine. Na upime kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, siyo baada ya kunywa lita tatu za maji.

"Na mtu aliyekisoma baada ya saa tatu?" nikamuuliza.

"Huyo hakusoma kitu."

"Kwa hiyo hakuwahi kuwa na mimba?"

"Mimi sikuwepo. Huenda moja ilikuwa kweli, huenda hakuna. Ninachokuambia ni kwamba hicho kipimo chake hakiwezi kukujibu."

Jumapili wifi akaamka kabla ya foleni. Akapima. Tukaweka simu ihesabu dakika tano, tumekaa sakafuni chumbani kwetu kama watoto waliovunja kitu. Simu ikalia. Mstari mmoja. Mwekundu, peke yake, na chini yake peupe.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemsikia akija, hana tabia ya kusikika.

"Mmoja," nikasema.

"Saa saba mtaona wa pili," akasema Mama. "Mbona zile tatu zilikuja? Kitu hiki ni kama chai, lazima kikae kikolee."

"Mama, imeandikwa hapa usisome baada ya dakika kumi."

"Waandishi wa hizo karatasi wamezaa wangapi? Mimi nimezaa watano. Kipimo hakidanganyi."

Wifi alikuwa anaangalia miguu yake. Nikaona kabisa anaanza kukubali, kwa sababu kumbishia Mama ni zamu nyingine tena baada ya zamu, na ile ilikuwa Jumapili.

"Basi, Mama," nikasema, "kama hakidanganyi, na wewe pima."

"Mimi?"

"Wewe. Vipakiti bado viko tele."

"Nina miaka sitini na mbili, mtoto huna adabu."

"Unaogopa nini? Labda mdogo wetu yuko njiani."

Nilitegemea kandambili ya kichwa. Lakini Mama ana ubishi ambao ukiuchokoza vizuri unaweza kuuendesha kama baiskeli. Akanipokonya kipakiti na kifuniko, akatoka uani, akaruka foleni nzima kwa kusema "mgonjwa, mgonjwa," akarudi.

Dakika tano. Mstari mmoja.

"Si nilikwambia," akasema Mama.

"Subiri kikolee."

Tukaviweka viwili dirishani juu ya sahani, cha wifi kulia, cha Mama kushoto. Nikaandika kwa kalamu kwenye ukingo wa sahani asije mtu akabisha. Tukafua. Tukaosha vyombo. Wifi akalala kidogo ameegemea gunia la nguo. Jua likapiga pale dirishani. Saa saba nikaileta sahani mezani.

Kwenye cha wifi kulikuwa na mstari wa pili, wa kijivu, kama kivuli cha unywele.

Kwenye cha Mama pia.

Mimi nilikuwa nimeandaa maneno, nilikuwa nimeshafikiria mpaka salamu za pongezi za kuweka kwenye kundi la familia. Nikaanza, "Mama, hongera ya…" halafu nikamwona wifi, nikanyamaza.

Hakuwa analia. Alikuwa amekishika kile cha Mama, siyo chake, anakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Kwa hiyo wale," akasema.

Mama akavuta kiti, akakaa. "Wale wa mwaka jana?"

"Wa mwezi wa tatu alikuwa na jina," akasema wifi. "Sikumwambia mtu."

Sijui unamwambia nini mtu aliyewalilia watoto watatu halafu anaambiwa labda hawakuwepo. Mama ndiye aliyenyoosha mkono, akakichukua kipimo taratibu kutoka kwenye vidole vya mkwewe, akakirudisha kwenye sahani.

"Nimesema sana," akasema Mama. "Kwa wageni. Nimesema sana."

"Ndiyo, Mama," akasema wifi. Hakumwambia si kitu, wala hakumwambia usijali. Alisema ndiyo tu.

Kaka alirudi jioni, rangi nyeupe kwenye nyusi kama babu. Akaona sahani. "Nini hivi?"

"Soma," akasema Mama.

Akainama, na nikaona uso wake unafunguka. "Miwili. Miwili yote! Mke wangu, hii ni…"

"Hicho cha kushoto ni changu," akasema Mama.

Kaka akamtazama Mama. Akatazama sahani. Akanitazama mimi, maana mambo ya ajabu humu ndani huwa yanatoka kwangu. Nikamsomea karatasi mwanzo mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuongeza langu.

Akakaa kitandani na nguo zake za kazi, kitu ambacho wifi haruhusu. Safari hii hakumwinua.

"Lakini picha ninazo," akasema.

"Unazo picha za mkojo uliokauka," wifi akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku, haikupanda. "Mara tatu nilikuomba msamaha. Unakumbuka? Mara tatu nilikaa hapo ulipokaa nikakuomba msamaha, ukaniambia umenisamehe."

Kaka akafungua mdomo.

"Usiniombe na wewe," wifi akamwahi. "Sina nguvu ya kukujibu. Jumatano twende wote."

Jumanne siku zake zikaja, zimechelewa tu kama zinavyochelewaga, na hakuna aliyehesabu chochote. Jumatano akaomba ruhusa, Dakika akanung'unika akampa. Mimi nilikuwa zamu ya mchana, nikawasindikiza. Kliniki ina benchi moja refu la mbao, na muuguzi anaandikisha watu nyuma ya pazia lisilozuia hata neno moja.

"Umeshika mimba mara ngapi?" akauliza muuguzi. "Hapa kwenye faili nimeandikiwa tatu, zote zimetoka."

"Futa," wifi akasema.

"Nifute ngapi?"

"Zote. Andika hajui. Nilisoma vipimo baada ya saa tatu."

Kalamu ikakwaruza. Muuguzi hakucheka, hakushangaa, nadhani siyo wa kwanza. "Na baba amewahi kupimwa?"

Nikasikia kiti kinalia.

"Bado," akasema kaka.

"Basi leo tunaanza na wewe. Dada, wewe kapumzike hapo nje, huna kazi leo."

Wifi akatoka, akakaa kando yangu, akaegemeza kichwa ukutani. Nyuma ya pazia muuguzi akaanza kumweleza kaka habari za kikopo, asilale na mkewe siku tatu kabla, akilete ndani ya saa moja, asikiache juani. Alikuwa anaeleza kwa sauti ya kutangazia abiria, na benchi zima likawa linasoma sakafu. Kaka alikuwa anajibu "ndiyo, ndiyo, ndiyo," sauti inazidi kuwa ndogo.

Nikageuka nimchokoze wifi kidogo. Alikuwa ameshalala, mdomo wazi, mikono imeachia mapajani kama mtu aliyetua mzigo pale pale alipofika. Kaka akatoka na kikopo chake ndani ya bahasha, akataka kumwamsha.

"Mwache," nikamwambia. "Kaa."

Akakaa upande wake mwingine, bahasha magotini, akasubiri.