Fundi Aliyempima Marehemu Vizuri Mno

Saa kumi na mbili jioni, siku ya Ijumaa. Nyuma ya pazia zito la ukumbi wa maonyesho, mzee mmoja mwembamba amesimama na bisibisi mkononi. Shati lake lina vumbi la mbao, na si vumbi la kupakwa. Ametoka nalo karakana. Upande wa pili wa pazia watu wanacheka mpaka viti vinalia. Yeye hacheki. Ametega sikio.

"Bado," anamnong'oneza mwandishi wa makala haya bila kugeuka. "Hajagonga."

Halafu inasikika: ngo, ngo, ngo. Ni ngumi ya mtu aliye ndani ya jeneza, katikati ya jukwaa. Kicheko kinakatika. Mwanamke mmoja anapiga yowe. Mzee anachomoka mbio, anapiga magoti kando ya jeneza na kuanza kufungua skrubu moja baada ya nyingine, mikono ikimtetemeka. Kifuniko kinafunguka. Maiti inaketi na kumtazama usoni.

"Fundi," inasema, "umenipima vizuri mno."

Ukumbi mzima unaangua kicheko. Mzee anafuta jasho kwa mkono wa shati na kurudi nyuma ya pazia, akihema. Sehemu yake imekwisha.

Mzee huyu si mwigizaji. Ni seremala wa majeneza, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, na mtaani kwake anaitwa Futikamba. Jina alilipata kwa sababu ya futi ya chuma isiyotoka mfukoni mwake, na kwa sababu ya hofu. Watu wanaamini kwamba akikutazama mara moja tu, utosini hadi visiginoni, ameshajua mbao zako zitakuwa ngapi.

"Kuna jirani yangu akiniona anachuchumaa," anasema Futikamba. "Ananiambia, mzee, mimi bado mfupi, niache nikue kwanza."

Siku mwandishi alipompa mkono kwa mara ya kwanza, muuza vocha wa mlango wa pili alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Haya, ushapimwa wewe. Kaandike wosia."

Mchezo wenyewe unaitwa Marehemu Ana Neno. Mtu amefariki, ndugu wamekusanyika kumzika, na kila mmoja anapewa nafasi ya kusema machache. Kila anayedanganya ili kumsifu anapoteza kiungo. Shemeji anasema marehemu hakugusa pombe maishani mwake, sikio linaanguka. Mjomba anasema alimpenda kama mwanawe; vidole vinamdondokea kwenye kikombe cha chai, naye anakoroga na kuendelea kuhutubia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hawa wanaitembea mpaka waishiwe miguu. Sinia likishajaa vipande vya wafiwa, jeneza linaanza kugonga. Marehemu amechoka kusingiziwa wema.

Je, ni mchezo wa kutisha au wa kuchekesha? Mwandishi aliwauliza watazamaji mlangoni Ijumaa hiyo, na akarudi na majibu yasiyopatana hata kidogo.

"Nilicheka, halafu nikajishika sikio kuhakikisha kama lipo," alisema mshona nguo mmoja, mkono wake ukiwa bado sikioni. "Mwezi uliopita nilisoma wasifu wa baba mkwe msibani."

Muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu alisema damu haimsumbui, anaiona kila siku. "Kilichonitisha ni kicheko changu mwenyewe. Kilitoka bila ruhusa."

"Mume wangu kanibana mkono mpaka pete imeniachia alama," alilalamika mama mwingine, "halafu eti anawaambia watu mimi ndiye niliyeogopa." Mumewe alikuwa ameshatangulia kwenye ngazi, akitafuta funguo za gari katika mfuko usio na funguo.

Jambo moja tu waliafikiana wote. Yule babu wa bisibisi amepatikana wapi? Anaogopa kikweli!

"Anaogopa kikweli kwa sababu siku ya kwanza ilikuwa kweli," anaeleza mwongozaji wa mchezo, mama mwenye sauti ya kukwaruza na miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye ndiye aliyekwenda karakana kuagiza jeneza, akamchukua mwigizaji atakayelala humo akapimwe. Mwigizaji huyo siku hizi hakuna anayemwita kwa jina lake. Hata muuza chai wa nje humuuliza kama Marehemu anatumia sukari.

Futikamba alichonga jeneza kama anavyochonga yote. Alitoboa matundu ya hewa chini kama alivyoelekezwa, na akaona amemaliza. Ila alilichonga kwa kipimo cha mteja wake wa kila siku.

"Maiti hajigeuzi," anasema. "Mbao ni ghali. Ukiacha nafasi kubwa pembeni, unamtoza mfiwa pesa ya hewa. Mimi wateja wangu wote ni wa kulala chali na kutulia. Huyu alikuwa wa kwanza kuniambia asante."

Mazoea yana taabu. Jioni ya onyesho la kwanza Futikamba alialikwa kuitazama kazi yake kutoka nyuma ya pazia. Marehemu akajilaza, kifuniko kikawekwa juu, na vijana wanne wakainama kubeba. Seremala akaliona jeneza liko tayari kuondoka na halijafungwa. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoka na bisibisi. Akakaza skrubu zote, akapiga hatua nyuma, akainamisha kichwa kwa heshima.

Marehemu alitakiwa kusukuma kifuniko na kuketi. Hakikusukumika. Kiwiko hakikuwa na pa kwendea. Akaanza kugonga, na watazamaji wakafurahi. Akagonga kwa nguvu zaidi, nao wakashangilia. Waigizaji wengine, wasio na masikio wala vidole, wakaanza kutazamana.

"Watu mia mbili wanacheka, na mimi peke yangu ndiye niliyejua mle ndani mna nini," anasema Futikamba. "Nikasahau hata matundu niliyoyatoboa kwa mikono yangu. Nikakimbia."

Maneno aliyoyasema Marehemu alipotolewa hayakuwa kwenye mchezo. Yalimtoka tu. Kesho yake mwongozaji aliamuru yabaki, na fundi abaki. Jeneza limeshapanuliwa na kutiwa kishikio cha kujifungulia kwa ndani, kwa hiyo hakuna tena hatari yoyote. Lakini kila wikiendi lazima skrubu zikazwe na mzee akimbie.

Posho anayolipwa haifikii bei ya mbao mbili nzuri. Karakana ndiyo inayolisha nyumba, na karakana nayo ina wiki zake kavu, jambo asiloweza kulilalamikia mbele za watu. "Nikisema biashara mbaya, wananuna. Nikisema biashara nzuri, ndiyo kabisa," anasema. Wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Futikamba sasa anavyo vyote viwili, na anacheka mwenyewe akiambiwa hivyo.

Alipoulizwa kwa nini bado mikono inamtetemeka ilhali anajua Marehemu yuko salama, alifuta bisibisi kwa kitambaa. Kisha akaeleza habari ya binti yake.

Binti huyo ndiye kifungua mimba wake, na leo ni mwalimu wa watoto wadogo. Alipokuwa mdogo kama hao anaowafundisha, alijificha ndani ya jeneza karakana akicheza na wenzake. Kifuniko kikaanguka, komeo likajifunga. Baba alikuwa anapiga randa na hakusikia kitu. Aliposimamisha randa ili anoe, ndipo akasikia mlio mdogo wa ngumi ndogo.

"Nilimtoa. Hakulia. Aliniuliza tu, baba, ulikuwa wapi? Na tangu siku ile hajakanyaga karakana."

Hata leo akiulizwa kazi ya baba yake, binti hujibu kwamba baba anatengeneza samani. Mzee hamlaumu. "Si uongo sana. Ni kitanda chenye kifuniko."

Sasa binti amepata mchumba, na jibu hilo la samani ndilo lililofika kwa wakwe. Baada ya wiki mbili mama wa mchumba, mwenye duka la vitambaa, angekuja nyumbani kujitambulisha. Kumbe mchumba, kwa nia njema, amesikia mji mzima unazungumzia mchezo fulani, akakata tiketi tatu za Jumamosi bila kuuliza mtu: ya kwake, ya mama yake na ya mwalimu. Kukataa kungezua maswali. Katikati ya wiki binti alimfuata baba yake nyumbani.

"Baba, Jumamosi usitoke. Hiyo moja tu. Wakikuona jukwaani, wakija nyumbani watakutambua."

"Nilimwambia, mwanangu, sitatoka," alisema Futikamba Ijumaa ile, akifungia bisibisi ndani ya kitambaa. "Mchezo ni wa watu. Binti ni wangu."

Jumamosi ukumbi ulifurika. Mwandishi alipata kiti nyuma kidogo ya wageni hao watatu. Mama wa mchumba, mnene, mchangamfu, alilicheka sikio la shemeji na kuvilaani vidole vya mjomba kwa pumzi moja. Mwalimu alikaa wima, mkoba mapajani, macho kwenye jeneza.

Ngo, ngo, ngo.

Aliyetoka alikuwa fundi wa taa. Alikuwa amepewa shati la mzee na bisibisi ya mzee, akatoka kwa hatua za mtu anayekwenda kubadilisha balbu. Akachuchumaa. Akaitafuta skrubu ya kwanza. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga yowe. Watu waligeuzageuza shingo, mmoja akakohoa, na ndani ya kimya hicho ngumi ikaendelea kugonga, ikisikika wazi kuliko jioni yoyote.

Mwalimu alisimama. Mkoba ulianguka.

"Baba!" alipiga kelele. "Baba, uko wapi? Njoo umfungulie!"

Pazia la pembeni lilipasuka. Futikamba alitoka mikono mitupu, viatu amevivua, akampora fundi wa taa bisibisi na kuangukia magoti. Ukumbi ulilipuka. Watu walipanda juu ya viti. Wengine walimgeukia mwalimu na kumpigia makofi, wakiamini naye ni mwigizaji aliyepandikizwa kati yao. Marehemu akaketi, akasema maneno yake, lakini yalimezwa na kelele. Mzee hakumtazama. Alikuwa amekodoa macho kwenye viti, akimtafuta mtu mmoja.

Mama wa mchumba alimvuta binti mkono akamketisha. "We mwanangu, umelipwa, au yule ni baba yako kweli?"

"Ni baba yangu, mama." Alikuwa analia. "Samani anazotengeneza ndizo hizo."

"Hizo zipi?"

"Hizo. Majeneza. Nilikuficha. Nisamehe."

Mchumba alitazama sakafu. La kuvunda halina ubani, na hapo lilikuwa limeshavunda mbele ya watu wote.

"Mimi nauza vitambaa," mama alisema hatimaye. "Vile vyeupe vinavyoisha dukani kila wiki, ulidhani vinashonewa mapazia?"

Mwalimu alimtazama asielewe, kisha akaelewa: ni sanda. Akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na mama naye akacheka, mpaka waliokaa mbele wakageuka kuuliza kwani wamekosa nini.

Baadaye, nyuma ya pazia, mama huyo alipita katikati ya wafiwa waliokuwa wakibandika masikio yao, akamnyooshea mkono seremala. Mzee alisita. Amezoea watu wanaoficha mikono yao.

"Mkwe," mama alisema, "pole na kazi. Lakini usinitazame sana, mimi nguo zangu nanunua za kubana, utanipima pungufu."

"Macho yangu yako chini, mkwe," alijibu Futikamba, na kweli yalikuwa chini, yakivuja.

Mwongozaji aliomba mwalimu aje kila wikiendi kupiga kelele ileile. Amekataa katakata. Haikusaidia kitu, maana habari zimeenea na sasa watazamaji wanaifanya kazi hiyo wenyewe. Jeneza likigonga, ukumbi mzima unaita, "Baba, uko wapi?" Wamo hata waliomzidi mzee umri. Mzee anatoka mbio, na anasema mikono bado inatetemeka, ila siku hizi si kwa sababu ileile.

Jumatatu asubuhi mwandishi alimkuta karakana. Katikati ya majeneza yanayosubiri rangi palikuwa na mbao za mninga, nyekundu na nzuri, zilizokatwa mapana asiyoyakata kamwe. Mlangoni alisimama mwalimu, mguu mmoja nje. Akautazama uzi wa baba uliotandazwa sakafuni kuonyesha upana, akaingia, akaukanyaga na kuusogeza kwa kidole cha mguu.

"Ongeza, baba."

"Hapo panatosha watu watatu."

"Ongeza tu."

Ni kitanda cha arusi, cha kwanza kuchongwa katika karakana hiyo. Futikamba anataka kikamilike kabla ya siku kubwa, na anatumaini wateja wa namna hiyo wataongezeka, wanaorudi wakiwa na malalamiko. Alivuta futi yake ya chuma, akapima upya, akaandika kwa penseli juu ya ubao.

"Hawa ni watu wazima na wako hai," alisema. "Watagombana. Lazima wawe na pa kugeukia."