Hatuna Swali

Mimba yangu ya kwanza ilikuja nimeshapita miaka arobaini. Daktari wa Mombasa akanidunga sindano tumboni, akavuta maji ya uzazi yapelekwe Ulaya kupimwa kama mtoto ni mzima. Nilikubali kwa sababu moja tu: nilitaka kujua. Mimi si mtu wa kushtukizwa.

Majibu yangekuja kwa sanduku la posta la kazini kwa mume wangu, karani wa kiwanda cha chumvi huko Marereni. Kila Ijumaa akirudi nyumbani Mambrui, namuuliza. "Bado, mke wangu. Ulaya ni mbali." Nami, mjinga mie, nampakulia wali.

Nilijifungulia nyumbani, kwa mkono wa mkunga. Mama mkwe alipompokea mtoto kumwosha, hakumtazama uso. Alimkunjua kiganja, akachungua mistari yake, kisha akakunjua cha pili.

"Mama, watafuta nini?"

"Mumeo kaniambia nitazame," akasema, halafu akajishika mdomo.

Lahaula! Kumbe wote walijua isipokuwa mwenye tumbo.

Ijumaa mume wangu alipoingia sikumsalimu. Nilinyoosha mkono tu, naye akaitoa barua ya majibu mkobani. Daktari aliandika kwamba seli za mtoto hazikuwa za namna moja: baadhi zilikuwa sawa, nyingine zilikuwa na kromosomu moja ya ziada, na dalili yake mara nyingi ni mstari mmoja tu unaokata kiganja. Huenda akaathirika kidogo, huenda sana, hakuna awezaye kusema kabla. Azaliwe hospitali, moyo wake upimwe siku hiyohiyo. Na twende sote wawili tukaulize lolote.

Binti yangu alikuwa akinyonya huku akitweta, nami nikiambiwa ni mafua.

"Nilikuonea huruma," akasema mume wangu.

"Huruma gani? Ulijiogopea mwenyewe!"

Kesho yake tulikuwa Mombasa. Daktari aliusikiliza moyo wa mtoto kwa muda mrefu, akasema una tundu, na kwamba tumemchelewesha. Nikamgeuzia hasira: mbona hukunifuata? Akafungua faili, akanipa karatasi iliyopigwa taipu safi, kwa mashine niliyoijua, ya ofisini kwa mume wangu.

"Mimi na mke wangu tumeelewa yote. Hatuna swali."

Chini ya sahihi ya mume wangu palikuwa na jina langu na sahihi yangu, kwa mwandiko wake huohuo.

Maswali yangu nilikuwa nimeyaandika nyuma ya kadi ya kliniki nilipokuwa nikisubiri majibu, mengi mpaka nafasi ikaisha. Kadi yenyewe niliitundika juu ya meza ya chakula, na kila Ijumaa mume wangu alikula akiitazama.