Aliyelitaja Jina Langu Jukwaani Ndiye Natakiwa Kumshitaki

(Mwandishi wa barua hii ametuomba tumfiche, yeye na bendi yake. Tumemfichia.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, mjane, mwimbaji wa bendi ya dansi hapa Kisarawe. Sauti bado ipo. Magoti ndiyo yameshaomba kustaafu.

Kwetu wimbo ukichangamka, mwimbaji huita majina ya wapigaji: wa solo, wa besi, wa tumba, mpaka fundi wa vyombo. Nimewaita miaka kumi na miwili. Langu halijaitwa hata siku moja, hata kwenye nyimbo nilizozitunga mwenyewe nikimenya mihogo. Na wakati wa mapumziko, sisi wanawake hupelekwa meza ya wageni wa heshima, "kuwachangamsha." Wanaume wao hupumzika kweli.

Mwaka huu akaja binti wa miaka ishirini na moja, nimwite Tatu. Jumamosi iliyopita tulipiga Kibaha. Mapumziko yalipofika, kiongozi wetu akamwonyesha meza ya mgeni mmoja mkubwa. Tatu akagoma. Kiongozi akanitazama mimi, nami nikamwambia binti, "Nenda tu, mwanangu. Tabasamu, kunywa soda, mkono wake ukianza kutembea jifanye unapanga kanga. Sote tumepita hapo."

Akanijibu, "Shikamoo, mama. Mimi nimekuja kuimba."

Hakwenda. Kipindi cha pili, ilipofika zamu yake ya kuita majina, akawaruka wanaume wote, akaita langu. Mara tatu! "Mtunzi wa wimbo huu!" Mwenzenu nikasahau kiitikio, nikabaki mdomo wazi kama niko kwa daktari wa meno.

Kiongozi amemsimamisha: utovu wa nidhamu. Kamati ya bendi inakaa mwisho wa mwezi, na shahidi ni mimi.

"Wewe sema tu alikudharau mbele za watu," ameniambia. "Wakisikia kwa mwanamke mwenzake, limekwisha." Kisha, kwa upole kabisa: "Na sare mpya zinakuja, dada. Tusije tukashona pungufu."

Nikisema ukweli, itabidi niuseme wote: Tatu si wa kwanza kutumwa meza kama ile. Wawili waliomtangulia niliwatuma mimi. Mmoja aliacha muziki. Tukikutana sokoni haniamkii. Siku zote nilidhani ana kiburi.

Sasa situlii. Namenya muhogo naacha, nafagia uwanja uleule mara mbili. Juzi Tatu alipita, hajui lolote, akaniuliza, "Mama, ule ubeti wa pili niliukosea?" Nikamwambia chai inachemka, nikakimbilia jikoni. Moto wenyewe sikuwa nimeuwasha.

Kilimo kilishanikataa kweupe. Kuimba ndiyo kazi yangu pekee. Jamani, mngekuwa nyie mbele ya wale wanaume saba wa kamati, mngeanza na kosa la nani, lao au langu? Niambieni kabla mwezi haujaisha. Fundi wa sare alipita jana kunipima, nami nikanyoosha mikono.